Kioo cha Mistari: Kutoka Skrubu Hadi Chipu

Tutaeleza historia ya kioo chenye mistari myembamba, kiwezacho kuupasua mwanga ukatoa rangi zake. Ukitaka kuona mfano, chukua sahani ya sidii uigeuzegeuze juani. Zile rangi za upinde wa mvua zatokana na njia nyembamba zilizosongamana juu yake, maana kila rangi hurudishwa kwa pembe yake.

Faida yake ni nini? Kila kitu kikiwaka kama mvuke hutoa rangi zake mwenyewe. Tupa chumvi motoni, utaona umanjano wa sodiamu. Basi, mtu ajuaye kuzisoma rangi aweza kutambua madini yaliyomo katika jiwe, au hata katika jua lenyewe.

Katika miaka ya 1780, Mmarekani David Rittenhouse alitandaza nywele kati ya skrubu mbili nyembamba akaona mwanga ukigawanyika. Mwaka 1821 Mjerumani Joseph Fraunhofer alitumia waya badala ya nywele, akapima urefu wa mawimbi ya nuru. Angalia vema, msikilizaji: nafasi kati ya waya na waya ilipangwa na meno ya skrubu. Skrubu ikikosea, kioo nacho hukosea.

Kosa hilo lilikuwa baya kuliko unavyodhani. Skrubu yenye kasoro huirudia kasoro ile ile kila inapozunguka, na mistari husongamana na kuachana kwa zamu. Ndipo kando ya rangi ya kweli hutokea rangi za uongo, ambazo wataalamu waliziita mizuka. Mtu aliyeuamini mzuka angeweza kusema ameona madini ambayo hayamo kabisa.

Henry Rowland, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins mjini Baltimore, aliishughulikia skrubu yenyewe. Aliisaga ndani ya nati ndefu kwa mafuta na unga wa msasa, akiigeuza nati mara kwa mara, ili kosa la upande mmoja lifutwe na upande wa pili. Mashine yake aliiweka chini ya jengo, mahali ambapo joto halibadiliki upesi, kwa sababu chuma hutanuka kwa joto. Kufikia mwaka 1882, almasi ya mashine hiyo ilikuwa ikichora mistari zaidi ya 14,000 katika kila inchi. Mizuka ilipungua sana, lakini haikwisha.

Baadaye ikaja kompyuta. Mwaka 1966 Kane Yee alionyesha namna ya kuhesabu mwendo wa nuru hatua kwa hatua, nafasi ikiwa imegawanywa vijumba vidogo. Mwaka 1981 Moharam na Gaylord walitoa njia nyingine, iliyofaa hasa kwa vioo vya mistari. Siku hizi fundi hubadili kina na upana wa mistari katika hesabu, akaona nuru itakwenda wapi kabla ya kukata chochote.

Mwaka 1988 Meint Smit wa Uholanzi alipendekeza mpango mwingine: juu ya chipu pawekwe vijia vingi vya nuru, kila kimoja kirefu kuliko jirani yake kwa kiasi kile kile. Tofauti hiyo ya urefu hufanya kazi ya mistari, na chombo kizima huenea juu ya ncha ya kidole.

Je, kosa limekwisha? La. Kijia kikizidi upana kwa nanometa chache tu, nuru yake hufika nje ya zamu, na rangi moja humwagikia mahali pa nyingine. Kwa hiyo fundi mwenye busara hahesabu chombo kilicho kamili tu. Hutia makosa ya kiwandani ndani ya hesabu kwa makusudi, apate kujua chombo chake kitastahimili kiasi gani.

Swali la kujadiliana: kwa nini Rowland aliigeuza nati yake mara kwa mara?