Saratani katika Madaftari ya Mengo

Hospitali ya Mengo, kwenye kilima cha Namirembe mjini Kampala, ilianzishwa mwaka 1897 na daktari mmisionari Albert Cook. Wagonjwa waliolazwa waliandikwa daftarini: dalili, mahali pa uvimbe, hata mchoro wa mkono. Radi iliunguza jengo mwaka 1902, uandishi ukaendelea.

Mwaka 1964 mtafiti J. N. P. Davies na wenzake walichapisha uchambuzi wa kumbukumbu hizo hadi 1956. Ilidhihirika kwamba saratani haikuwa ngeni Buganda. Uvimbe wa taya za watoto, uliopewa jina la daktari Denis Burkitt wa Hospitali ya Mulago, Kampala, baada ya makala yake ya 1958, Cook alikuwa ameuona zamani.

Hata hivyo, daftari zuri humtegemea mgonjwa anayejieleza. Mwenye ulemavu wa akili mara nyingi hawezi kutaja maumivu. Huyaonyesha kwa kukataa chakula, kujitenga au kushikashika panapouma, na saratani hugunduliwa imeshakomaa. Shahidi wake ni mama au ndugu anayemlea, na ushahidi huo ni wa kitabibu kabisa.

Ama ule uvimbe wa Burkitt, kituo cha kuutibu kilifunguliwa Mulago mwaka 1967, kikakua kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda.