Ubao Uliopinda na Mabaki Yake

Katika mkutano mkuu ujao wanachama wataulizwa kama karakana ya useremala ya Chama Kikuu inunue mashine ya CNC, yaani mashine ya kuchonga iongozwayo na kompyuta. Wengi wamekwisha kuuliza mashine hiyo ilitoka wapi, na itatufaa nini sisi tutengenezao madawati na mizinga ya nyuki. Kwa kuwa fedha ni za wakulima, yafaa habari zake zisimuliwe tangu mwanzo, na mwanzo huo si kompyuta bali ni ubao uliopinda.

Seremala ana njia tatu za kupata mti wa kombo. Ya kwanza ni kuutafuta uliojipinda wenyewe. Ndivyo wafanyavyo mafundi wa majahazi wa pwani yetu, ambao huchonga mataruma katika matawi na mashina yaliyoota kwa kombo, ili nyuzi za mti zifuate umbo la chombo. Ya pili ni kuukunja. Michael Thonet, mzaliwa wa Boppard katika Ujerumani, alianza katika miaka ya 1830 kwa kugandisha vibao vyembamba kwa gundi. Baadaye akaukunja mti mzima kwa mvuke, na kiti chake Namba 14 cha mwaka 1859 kilikuwa na vipande sita tu vya mti. Njia ya tatu ni kukata, nayo ndiyo yenye hasara, kwa maana akataye tao katika ubao ulionyooka huacha sakafuni sehemu kubwa ya ubao alioulipia.

Hasara hiyo ilipatiwa dawa zamani sana. Fundi mashuhuri wa dawa hiyo ni André-Charles Boulle, aliyezaliwa mwaka 1642, seremala wa Mfalme Louis XIV wa Ufaransa. Waitaliano walimtangulia, lakini ufundi huo ulibaki na jina lake. Alilaza bamba la shaba ya manjano juu ya bamba la gamba la ng'amba, akayakata yote mawili kwa mara moja, kwa msumeno mwembamba uliofuata mchoro wa maua na majani. Kisha ua la shaba likatiwa katika tundu la gamba, na ua la gamba likatiwa katika tundu la shaba. Hivyo mkato mmoja ulizaa mapambo mawili, na mara nyingi makabati mawili yaliyo kinyume kimoja cha kingine. Mafundi walifanya vivyo hivyo kwa vibao vyembamba vya miti ya rangi mbalimbali. (Msomaji asidhani kwamba Boulle alitajirika, aliandamwa na wadai, na mwaka 1720 karakana yake ikateketea kwa moto.)

Mashine yenyewe ilizaliwa Marekani, nayo pia kwa ajili ya kombo. Katika miaka ya 1940 John T. Parsons wa Michigan alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta, ambayo umbo lake halikubali kukadiriwa kwa jicho. Yeye na mwenzake Frank Stulen walitumia mashine za hesabu za kadi zilizotobolewa kupata alama nyingi zilizokaribiana katika mstari wa pindo, kisha kisu kikapelekwa alama hata alama. Jeshi la Anga la nchi hiyo likatoa fedha, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine iliyosoma utepe wa karatasi wenye matundu na kuchonga chuma yenyewe. Useremala ulifuata baadaye, kompyuta zilipokuwa ndogo na rahisi.

Kazi yake ni ile ile ya Boulle, ila kisu chake huzunguka nacho hula njia pana. Kisu cha milimita 6 kikikata mbao mbili kwa mstari mmoja, huacha mwanya wa milimita 6. Kwa hiyo tundu huchongwa kisu kikipita ndani ya mstari kwa milimita 3, na kijazo huchongwa kikipita nje kwa kiasi hicho hicho. Hapo ndipo faida yetu ilipo: kijazo chaweza kutoka katika mti mwingine kabisa, na chatosha kipande cha mninga cha shubiri moja.

Lakini mashine haijui unyevu. Mninga hutanuka na kusinyaa kidogo, mkaratusi sana. Kipande kilichonyeshewa kikiungwa na kikavu, kiungo hufunguka. Kwa maoni yangu banda la kukaushia mabaki litangulie mashine.

Liko na jambo la pili. Tangu karakana ifunguliwe, mabaki huchukuliwa bure na vibarua wetu kuwa kuni za nyumbani. Siku yatakapokuwa mali ghafi, watu hao watapoteza kitu walichokizoea, na ni haki wajue watapewa nini badala yake. Hilo halimo katika pendekezo lililochapwa, nami naomba liongezwe kabla ya siku ya kura.