Nani Apite Kwanza, Mashua au Gari?

Katika pwani ya mashariki ya Marekani iko njia ya maji inayounganisha mito, ghuba na mifereji, kuanzia Norfolk, Virginia, hadi Florida, mwendo wa maili zaidi ya 1,000. Mwenye motaboti aweza kuifuata karibu yote bila kutoka bahari kuu. Kinachomsimamisha ni madaraja. Mengine ni ya juu, naye hupita chini yake. Mengine yako chini mno, na sehemu ya katikati huinuliwa kama kifuniko cha sanduku, au huzungushwa kando kama mlango.

Akikaribia, nahodha hupiga honi: mlio mrefu, kisha mfupi. Mlinzi wa daraja akijibu vivyo hivyo, anafungua. Akijibu kwa milio mitano mifupi, maana yake ngoja. Siku hizi wengi huitana kwa redio. Basi magari yanasimama foleni, watu wanaowahi kazini wanamsubiri mstaafu mmoja anayekwenda kuvua samaki. Kwa nini?

Kwa sababu mto ulikuwa barabara kabla ya barabara. Mwezi Aprili 1856 treni ilivuka mto Mississippi kwa daraja kwa mara ya kwanza, pale Rock Island, Illinois. Daraja hilo lilikuwa na sehemu ya kufunguka. Wiki mbili baadaye, meli ya moshi iliyoitwa Effie Afton ilipita kwenye uwazi huo, ikapoteza mwelekeo, ikagonga nguzo na kuwaka moto. Sehemu ya daraja ikateketea nayo. Mwenye meli akashtaki. Mwaka 1857, mjini Chicago, mmoja wa mawakili wa daraja alikuwa Abraham Lincoln, ambaye hakuwa rais bado. Alidai kwamba anayevuka mto ana haki sawa na anayepanda na kushuka nao. Wazee wa baraza hawakukubaliana, kesi ikaisha bila mshindi.

Hata hivyo meli hazikunyang'anywa haki yao. Sheria ya mwaka 1894 iliwalazimisha wenye madaraja ya namna hii kuyafungulia vyombo, kwa kanuni za Waziri wa Vita. Leo kanuni hizo ziko mikononi mwa Walinzi wa Pwani. Magari yalipozidi, zikalegezwa: sehemu nyingi za Florida mashua za starehe husubiri saa zilizopangwa, ila meli zinazovuta matishari, au chombo kilicho hatarini, hufunguliwa wakati wowote. Na mwenye mlingoti wa redio unaokunjika lazima aukunje. Akisimamisha watu kwa ajili ya mlingoti tu, anavunja sheria. Nadhani hiyo ni haki kabisa.

Watu wa nchi kavu nao walipata siku yao ya kungoja. Septemba 1989 kimbunga Hugo kiliipiga South Carolina. Daraja la Ben Sawyer, la kuzunguka, liendalo kisiwa cha Sullivan's Island karibu na Charleston, likang'oka mahali pake, ncha moja ikazama majini na nyingine ikaelekea angani. Wenyeji waliotaka kuona kama nyumba zao zimesalia ilibidi wavushwe kwa mashua.