Mvumo wa Gurudumu: Mowlem, Abingdon, Havana

Gari kuukuu likiingia Mowlem, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, kutoka upande wa Kariobangi, fundi aliyeketi kando ya barabara hulisikia kabla ya kuliona. Beringi ya mbele iliyochoka huvuma kama mashine ya kusaga unga iliyo mtaa wa pili. Sauti hupanda kadiri mwendo unavyopanda, na haijali dereva akibadilisha gia wala akitoa mguu kwenye mafuta. Tairi lililolika upande nalo huvuma, ndiyo maana fundi mzuri hamwamini mteja anayefika na jibu mfukoni. Humtuma akaliendeshe kwenye kona. Gari likikata kushoto, uzito huegemea magurudumu ya kulia. Mvumo ukizidi hapo, tafuta kulia. Likikata kulia na sauti ikakua, tafuta kushoto.

Mpaka hapo hakuna tofauti kati ya Mowlem na kijiji chochote cha Uingereza ambako mstaafu anatunza gari lake la MG. Sikio ni lile lile na fizikia ni ile ile. Mapokeo huanza kuachana gari linapopanda jeki, na yakishaachana huachana kwa sababu ambazo watu wengi huzikosea. Husemwa kwamba kule wanapima na huku wanakisia. Nimekuja kuamini kwamba kinachotenganisha gereji hizi ni bei: ni kipi cha bei ghali mahali hapo, saa ya fundi au kipande cha chuma?

Tuanze na jeki. Tairi hushikwa juu na chini, likatikiswa. Likicheza, bado hujajua kitu, kwa sababu kingi pini iliyolika au boli joint iliyolegea hucheza vivyo hivyo. Hapo Eastlands hutumia utajiri wake, yaani watu. Nilimwona fundi mmoja wa Kariobangi Light Industries, jirani na Mowlem, akiishika Peugeot 504 ya mzee aliyeshikilia kwamba shida ni boli joint. "Mzee, panda ndani ukanyage breki," alisema. Mzee akakanyaga, fundi akatikisa tena, na tairi likatulia kabisa. "Umeona? Ingekuwa boli joint ingeendelea kucheza. Hii ni beringi." Breki ikikazwa, diski hufungwa pamoja na shina la gurudumu, na nafasi ya beringi hutoweka; mchezo ukibaki, uko kwingine. Kisha fundi alimwita kijana wa spana aliviringishe tairi kwa mkono, huku yeye ameweka vidole juu ya springi. Ukwaruzo ambao sikio halikuunasa hupanda kwenye springi hadi vidoleni. Kwenye Land Rover ya zamani yenye springi za bapa, wengi huweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye chuma kisichozunguka kilicho nyuma ya habu, na mpini sikioni.

Mwingereza wa gereji ya nyumbani hufanya vipimo hivi hivi, ila mara nyingi yuko peke yake. Badala ya mzee wa kukanyaga breki ana kipande cha mbao kati ya kiti na pedali, na badala ya vidole ana geji ya saa yenye sumaku inayosoma sehemu za mia za milimita. Chombo hicho kinajaza nafasi ya mwenzake asiyekuwepo, na pia ya miaka ya mazoea ambayo mtu anayefungua habu mara moja kwa miaka mingi hawezi kuwa nayo. Fundi anayefungua habu kila wiki anayo mazoea hayo, na hana haja kubwa ya geji.

Beringi ikishaoshwa kwa mafuta ya taa na kufutwa, hutoa ushahidi, na ushahidi wa Uingereza haufanani na wa Nairobi. Gari la kale la Uingereza mara nyingi hulala majira yote ya baridi. Unyevu hufanya matone ndani ya habu, grisi hukimbia kutoka mahali rola inapogusa kikombe, yaani pete ya nje ya beringi, na chuma hupata kutu kwa mistari iliyopangana sawasawa, kila mstari mahali ambapo rola ililala. Gari likisafirishwa juu ya lori bila magurudumu kuzunguka, mtetemo nao huchimba alama za mpangilio huo huo. Beringi hizo zimeharibiwa na kukaa bure.

Gari kuukuu la Eastlands halikai. Tangu Kenya ilipoweka kiwango cha KS 1515:2000, magari yaliyozidi miaka minane kwa kawaida hayaruhusiwi kuingizwa nchini, kwa hiyo 504 unazoziona Mowlem zimezeekea hapa hapa, nyingine zikiwa zimeunganishwa Mombasa. Zilibeba abiria kwenda Nakuru na Kisumu hadi jina Peugeot likawa jina la usafiri wenyewe. Nyingine ni pikapu ambazo bado zinabeba mchanga. Ndani ya beringi zao sioni kutu ya mistari. Naona vishimo, ngozi ya juu ya chuma imebanduka kwa uchovu wa mzigo. Naona rangi ya majani makavu au buluu, alama ya joto la nati iliyokazwa kupita kiasi. Zaidi ya yote naona uji wa kijivu wa grisi, maji na udongo uliopita kwenye sili iliyochoka. Sili ni mpira wa bei ndogo, lakini huamua maisha ya kila kilicho nyuma yake.

Nairobi hiyo hiyo, hata hivyo, ina mapokeo ya pili. Magari yanayosuguliwa kwa ajili ya mashindano ya Concours d'Elegance katika uwanja wa Ngong Racecourse hulala chini ya turubai na kutoka kwa siku maalumu. Beringi zake hufa kifo cha Kiingereza, kilomita chache tu kutoka kwa pikapu za mchanga. Mpaka hauko kati ya nchi na nchi. Uko kati ya gari linalofanya kazi na gari linalotazamwa.

Kwenye kurudisha na kukaza ndiko kwenye ugomvi mtamu. Beringi ya rola za pembe hutaka nafasi ndogo sana: ikibanwa huungua, ikilegea hupondeka. Kila mapokeo yana njia yake ya kuifikia nafasi hiyo. Waundaji wa MGB, gari lililotengenezwa Abingdon, Uingereza, kuanzia 1962 hadi 1980, waliweka bomba fupi kati ya beringi mbili, pamoja na shimu, yaani pete nyembamba za chuma. Unaongeza au kupunguza shimu mpaka ubaki na nafasi ya milimita 0.05 hadi 0.10, kisha unakaza nati kwa nguvu kubwa, Nm 54 hadi 95. Bomba lililobanwa hushikamana na spindo, mhimili unaobeba beringi, na kuipa ugumu wa ziada. Ni kazi ya kufungua na kufunga mara kadhaa, na inadhani kwamba duka la shimu liko karibu na muda upo.

Wamarekani walichagua kinyume. Katika magari mengi ya General Motors yenye rola, nati hukazwa kwa takriban Nm 16 huku gurudumu likizungushwa ili rola zikae, hulegezwa, hurudishwa kwa vidole, kisha huachwa irudi nyuma kidogo mpaka tundu la pini lipatikane. Hakuna bomba wala shimu. Wapo wenye MGB Marekani waliolitupa bomba lile na kukaza kwa mtindo wa nyumbani kwao, jambo linalowakera wenzao wa Uingereza mpaka leo. Mimi nawaunga mkono Waingereza: aliyeweka bomba alikuwa na sababu, na spindo ile ni nyembamba.

Fundi wa Mowlem, ingawa Kenya ilirithi barabara, sheria na Land Rover kutoka London, yuko karibu zaidi na Detroit. Hukaza huku akizungusha mpaka gurudumu liwe zito, hurudisha, hukamilisha kwa vidole, hutikisa. Kitabu cha Land Rover za Series kinataka milimita 0.10 hadi 0.15 na geji ya kuzisoma. Fundi hupata kitu cha karibu na hapo kwa mtikiso mdogo anaoujua kiganjani, kisha hupiga washa ya kufungia kati ya nati mbili. Wala si yeye tu anayeamini mkono. Vitabu vya Volkswagen vya Golf, vilivyoandikwa na wahandisi wasioshukiwa kwa uzembe, vinaruhusu beringi za nyuma zipimwe kwa bisibisi: washa iliyo chini ya nati isukumike kwa ncha, bila kuitumia bisibisi kama wenzo.

Havana inanivutia kwa sababu nyingine. Baada ya vikwazo vya Marekani kukamilika mwaka 1962, vipuri vya Chevrolet na Ford havikufika tena kwa njia ya kawaida. Chevrolet za katikati ya miaka ya 1950 zilikuwa na gololi kwenye magurudumu ya mbele, nazo hugusa njia yake kwa nukta tu, ilhali rola hugusa kwa mstari na hubeba zaidi. Marekani, mwenye gari kama hilo hununua seti iliyo tayari ya kubadilisha gololi kuwa rola. Kuba, fundi alilazimika kufikia suluhisho la aina hiyo kwa mashine ya kukereza na kipuri cha gari la Kisovieti. Mmarekani anaita hatua hiyo uboreshaji na Mkuba anaiita Jumatatu.

Kinachowezesha haya yote ni namba. Henry Timken, mtengenezaji wa magari ya farasi huko St. Louis, alipata hataza ya beringi ya rola za pembe mwaka 1898. SKF ilianzishwa Gothenburg mwaka 1907. Kutokana na viwanda vya aina hiyo ulikua utaratibu wa vipimo usiomjali aliyeunda gari. Ndiyo maana Kirinyaga Road jijini Nairobi, ambayo wengi bado huiita Grogan, muuzaji hakuulizi gari gani. Anakwambia, "Leta namba." Chukua 30205. Tarakimu mbili za mwisho ukizidisha kwa tano unapata tundu la milimita 25. Kipenyo cha nje ni 52, upana 16.25. Beringi hiyo inaweza kutoka kwenye trela, mashine ya shambani au gari la 1960, mradi namba ni ile. Lakini 32205 ina tundu lile lile na kipenyo kile kile, na upana wa 19.25. Inaingia vizuri kabisa, na milimita tatu zile huisukuma habu mahali pasipo pake. Boksi lenye jina kubwa halithibitishi kilicho ndani. Angalia maandishi yaliyochongwa kwenye chuma chenyewe, na usiweke koni mpya, yaani pete ya ndani na rola zake, juu ya kikombe cha zamani.

Kikombe cha zamani hutolewa kwa tindo ya shaba, ukigonga huku na huku. Kikigoma, mafundi wa Kariobangi hupitisha mstari wa weldi ndani yake. Weldi inapopoa husinyaa, kikombe hulegea na kuanguka chenyewe. Mbinu hiyo utaikuta pia kwa mafundi wa Ulaya, na kila upande hudhani ni siri yake. Tatizo kubwa ni kikombe kinapozunguka ndani ya habu na kuila. Mwingereza hununua habu nyingine, au hutumia gundi ya viwandani iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Eastlands, habu ya 504 ikiwa adimu, baadhi ya mafundi hupiga nukta kwa senta panchi ili chuma kivimbe na kukishika kikombe. Sitalitetea hilo. Kikombe kitakaa juu ya ncha za nukta, ncha zitapondeka, na gurudumu la mbele halina nafasi ya majaribio. Mafundi wa huko huko wanaoijaza habu kwa weldi na kuikereza upya wakifuata kipimo cha kikombe kipya wanafanya kazi ambayo kwa mwenye MG ingegharimu kuliko habu nyingine. Hapa saa ya fundi ni nafuu na chuma ni ghali, ndiyo sababu ustadi wa kukereza umekua Kariobangi na haukukua kwenye gereji ya mstaafu.

Kuhusu grisi sote ni ndugu. Popote nilipoangalia, imewekwa kiganjani, na upande mpana wa koni ukasukumwa ndani yake mpaka grisi itokee upande wa pili. Tofauti ni za kemia: grisi za sodiamu za zamani huyeyuka zikikutana na maji, kwa hiyo gari lililotunzwa kwa uaminifu wa 1950 litateseka kwenye mafuriko ya Eastlands kuliko lile lililopewa grisi ya lithiamu. Usizichanganye, na usiijaze habu yote, kwa sababu grisi iliyobanwa hupata joto na kutafuta njia kupitia sili.

Beringi zilizokataliwa Eastlands hazitupwi zote. Nyingine huishia pamoja na ekseli na magurudumu yake chini ya mkokoteni wa maji. Hataza ya kwanza ya beringi ya gololi, ya Philip Vaughan wa Carmarthen mwaka 1794, ilikuwa ya ekseli ya gari la farasi, na rola za Timken nazo zilibuniwa kwa magari ya kukokotwa. Mwenye mkokoteni wa Mowlem anadai kidogo kuliko mwenye 504: iviringike, isikwame, isimle mabega. Kwa mwendo wake, beringi yenye vishimo ambayo ingevuma kwenye barabara ya Nakuru bado ina miaka ya kufanya kazi.