Miezi Sita Kizuizini: Uingereza na Kichaa cha Mbwa

Mwaka 1997, baada ya Hong Kong kukabidhiwa China, gavana wake wa mwisho, Chris Patten, alirudi Uingereza bila mbwa wake wawili, Whisky na Soda. Aliwapeleka kwenye nyumba ya familia huko Ufaransa. Sheria ilitaka mbwa kutoka ng'ambo wakae karantini miezi 6, naye hakukubali wafungiwe. Magazeti yalilivalia njuga suala hilo.

Sheria yenyewe haikuzuka hivihivi. Katika karne ya 19 kichaa cha mbwa kiliua watu hata mitaani mwa London. Walter Long, waziri aliyesimamia kilimo, aliamuru mbwa wavalishwe vifunga mdomo na wanaozurura wakamatwe. Wapenda mbwa walimshambulia kwa maneno, lakini hakurudi nyuma. Mwaka 1897 karantini ya mbwa wa kigeni ikaongezwa, na kufikia 1901 muda wake ukawa miezi 6. Mwaka 1902 ugonjwa ukatoweka. Ulirejea 1918, ikiaminika kwamba askari waliotoka vitani walivusha mbwa kwa siri, ukatokomezwa tena mwaka 1922.

Hata hivyo miezi 6 ilikuwa kadirio tu. Virusi vya ugonjwa huu husafiri polepole kwenye neva kuelekea ubongoni, na tangu mnyama aumwe hadi dalili zitokee huweza kupita wiki chache au miezi mingi. Mwaka 1969, mbwa aitwaye Fritz, aliyetoka Ujerumani, alimaliza karantini yake yote, akapelekwa nyumbani Camberley, na siku chache baadaye akaanza kuuma watu. Wanyama wa mwituni wa eneo hilo waliuawa kwa hofu ya maambukizi. Mwaka uliofuata mbwa mwingine aliyemaliza muda wake aliugua huko Newmarket. Serikali ikazidi kukaza kamba, ikatunga sheria mpya mwaka 1974.

Wakati huohuo bara la Ulaya lilikuwa likiutafuta ugonjwa huko porini. Mwaka 1978 Uswisi ilianza kutawanya vichwa vya kuku vilivyotiwa chanjo ili mbweha wavile. Njia hiyo ilifaulu, nchi nyingine zikaiga, na mbweha wa Ulaya Magharibi wakaanza kusafika. Sweden na Norway ziliacha karantini kwa mbwa wa Ulaya mwaka 1994. Uingereza, ambayo mwaka huohuo ilifungua reli chini ya bahari kwenda Ufaransa, bado ilikuwa ikimtenga hata mbwa anayemwongoza kipofu. Kwa maoni yangu, kufikia hapo ilikuwa ikilinda desturi kuliko afya.

Mary Fretwell, mke wa balozi mstaafu, aliongoza kampeni ya kudai pasipoti za wanyama. Mwaka 1998 kamati ya wataalamu chini ya Ian Kennedy ilipendekeza mageuzi, na tarehe 28 Februari 2000 mpango mpya ukaanza: chipu chini ya ngozi, chanjo, kipimo cha damu, kisha kungoja miezi 6. Muda ulikuwa uleule, ila sasa mnyama aliungojea nyumbani kwake kabla ya safari. Mwaka 2012 mbwa wa Ulaya walipunguziwa hadi siku 21 baada ya chanjo.

Karantini haikufutwa kabisa. Asiyetimiza masharti bado hufungiwa. Mwaka 2008 ilimnasa mtoto wa mbwa kutoka Sri Lanka aliyekuwa na kichaa, akafia humo. Mageuzi nayo yamezaa udhaifu wake: baada ya 2012 wafanyabiashara wa watoto wa mbwa walianza kuwapitisha kwa pasipoti zenye tarehe za uongo. Zamani mlinzi alikuwa ukuta wa banda. Leo ni daktari wa mifugo anayetia sahihi, na sahihi hughushiwa.

Mbwa wa Nairobi au Dar es Salaam hahesabiwi pamoja na wa Ulaya. Atachanjwa, atatolewa damu baada ya siku 30, na matokeo yakiwa mazuri atasubiri miezi 3 tangu siku ya kutolewa damu. Anayepanga kuhama na mbwa wake aanze mapema.