Wazee Wanaosahau, Bukoba na Muleba

Zamani huku Buhaya mzee aliyeuliza jambo lile lile mara tano asubuhi moja hakupelekwa popote. Ilisemwa amezeeka, basi. Aliishi kibanjani kati ya wana, wakwe na wajukuu, na akipotea njia kwenye migomba alikuwapo wa kumshika mkono. Tusiupambe mno wakati huo, kwa maana si wote waliotunzwa vema. Lakini watu walikuwapo.

Mwaka 1906 daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, aliwaeleza wenzake alichokiona katika ubongo wa mwanamke aliyelazwa akiwa na miaka 51, amepoteza kumbukumbu. Ujuzi huo ulichelewa kutufikia. Hospitali za misioni, Ndolage na Rubya, zilikuwa na homa na uzazi wa kushughulikia. Mirembe ya Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927, ilikuwa ya walioitwa vichaa. Mzee anayesahau hakuwa na mahali. Vijijini, Kanda ya Ziwa, bibi anayesema peke yake au kutangatanga usiku aliweza kudhaniwa mchawi, na vikongwe wameuawa kwa dhana kama hiyo. Wahubiri wengine wamemkemea pepo ndani yake. Ubongo unaonyauka hauponi kwa kukemewa.

Kisha ukaja UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa hapa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ukawachukua hasa wale ambao wangewatunza wazazi wao. Bibi akawa mama tena. Mwaka 2003 shirika la KwaWazee lilianza Nshamba, Muleba, likiwapa wazee pensheni ndogo ya kila mwezi: ya chumvi, ya sabuni, ya viatu vya shule. Haikuanzishwa kwa ajili ya ugonjwa wa kusahau, lakini sisi tunaihesabu katika historia yake. Mgonjwa asiyeweza tena kujizuia haja hatunzwi katika nyumba isiyo na sabuni.

Watafiti waliopita nyumba kwa nyumba wilayani Hai, Kilimanjaro, waliona kwamba kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, kama 6 wana ugonjwa huu, ambao madaktari huuita demensia. Baadaye huko huko wagonjwa walikusanywa katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa wiki 7, wakizungumza, wakicheza na kuimba, na kumbukumbu zao zikapata nafuu. Dawa ya kuuponya haipo bado. Kuketi pamoja kumesaidia, na hilo usharika wowote unaliweza.

Wajukuu waliolelewa na mabibi wale wamekua. Wengi wako Mwanza na Dar es Salaam, nao hutuma fedha kwa simu. Bibi amesahau namba ya siri. Jirani anaijua, na si kila jirani ni mwaminifu. Mzee wa kanisa anayempelekea Chakula cha Bwana huenda ndiye mgeni wake pekee wiki hiyo. Hamkumbuki jina, lakini wimbo ukianzishwa anaufuata hadi ubeti wa mwisho.