Ridhaa ya Nani? Raga, Ujira na Siku ya Kazi Kaskazini mwa Uingereza, 1871–1995

Katika somo la historia ya harakati za wafanyakazi, kada mmoja aliyetoka kijijini alituuliza swali ambalo halikuwamo katika muhtasari. "Ndugu Mkufunzi," alisema, "mtu anayeishi kwa kibarua cha kutwa akiitwa kikaoni siku ya kazi, akaambiwa ajitolee, ile kutwa yake inalipwa na nani?" Darasa likacheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tulitambua kuwa tumefundisha neno kujitolea kwa miaka mingi bila hata mara moja kuuliza bei yake. Siku ile tulimjibu kwa mfano wa mbali, na makala hii ni mfano huo umeandikwa kwa urefu zaidi.

Baadhi ya ndugu watashangaa kuona jarida la nadharia linatoa kurasa zake kwa mchezo wa raga. Huku kwetu Afrika Mashariki mchezo huo uliingia na maofisa wa kikoloni na walowezi, ukachezwa katika klabu ambazo Mwafrika aliingia kwa mlango wa jikoni, akiwa na sinia mkononi. Kwa hiyo wengi wetu tumezoea kuuona kuwa ni mchezo wa mabwana tangu asili yake. Hiyo ni nusu ya ukweli. Katika miji ya viwanda ya kaskazini mwa Uingereza, raga ilikuwa mchezo wa wachimba makaa ya mawe na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Na vita iliyopiganwa huko kati ya mwaka 1886 na 1895, juu ya neno moja tu, yaani ridhaa, ilikuwa vita ya matabaka, ingawa waliopigana wengi hawakuiita hivyo.

Umoja wa Raga wa Uingereza uliundwa London tarehe 26 Januari, 1871, katika mkutano wa klabu 21. Waanzilishi wake walikuwa watoto wa wenye mali waliojifunza mchezo katika shule za kulipia, ikiwemo ile ya Rugby iliyoupa mchezo jina lake. Hawakuandika kanuni yoyote ya kukataza malipo. Hawakuwa na haja nayo. Mtu ambaye chakula chake kinatoka katika kodi za mashamba, au katika hisa, au katika ofisi ya uwakili, haulizi nani atamlipa akicheza Jumamosi. Ridhaa kwake haikuwa itikadi. Ilikuwa hali yake ya kila siku, kama samaki asivyojua kuwa yumo majini.

Hali ilibadilika pale wafanyakazi walipoingia uwanjani. Sheria ya viwanda ya mwaka 1850 ilikuwa imesimamisha kazi ya wanawake na vijana katika viwanda vya nguo saa 8 mchana siku ya Jumamosi, na wanaume nao wakafaidika nyuma yao, maana mashine haziendeshwi na nusu ya watu. Nusu siku hiyo ndiyo iliyozaa michezo ya umma. Mwaka 1877 jimbo la Yorkshire lilianzisha kombe lake la klabu, na msimu ule wa kwanza Halifax ikalitwaa. Watu walijaa viwanjani, wakalipa kiingilio, na mji ukashindana na mji jirani kwa joto ambalo mabwana wa London hawakulijua. Mabwana wa raga katika Yorkshire wakajikuta wanaongoza jambo ambalo hawakulianzisha: umati wa makabwela, fedha za kiingilio, na wachezaji wenye mikono migumu waliowashinda watoto wa shule za kulipia.

Hapa pana jambo la kuzingatia kwa makini. Mechi ilianza mchana, lakini mechi ya ugenini ilihitaji treni ya asubuhi. Mchezaji aliyefanya kazi mgodini au kiwandani alilazimika kuacha zamu ya asubuhi, na zamu iliyoachwa haikulipwa. Akisafiri na timu ya jimbo au ya taifa alipoteza siku kadhaa. Kwa hiyo kila mechi ilikuwa na bei mbili. Wakili alilipa nauli basi. Mchimba makaa alilipa nauli na mkate wa watoto wake. Klabu za kaskazini ziliona jambo hili na zikaanza kuwarudishia wachezaji ujira walioupoteza, mara nyingi kwa siri. Madai yao yalikuwa madogo mno: hawakudai mshahara wa kucheza, walidai fidia ya muda wa kazi uliopotea.

Mwaka 1885 viongozi wa soka walikubali wachezaji wa kulipwa. Viongozi wa raga walitazama wakaogopa, maana baada ya muda mfupi tu timu za waungwana zilikuwa hazionekani tena kileleni mwa soka. Mwaka 1886 wakapitisha kanuni kali: malipo ya aina yoyote, hata ya ujira uliopotea, ni uchafu wa kulipwa, na anayepokea afukuzwe. Yafaa tutazame tarehe vizuri. Kanuni ya ridhaa haikuzaliwa pamoja na mchezo. Ilizaliwa miaka 15 baadaye, mara makabwela walipoanza kushinda.

Namna kanuni ilivyotumika inaonekana katika kisa cha Jack Clowes wa Halifax. Mwaka 1888 timu ya Waingereza ilikwenda Australia na New Zealand kwa safari ya miezi mingi. Safari hiyo iliandaliwa na wafanyabiashara wa michezo kwa lengo la kupata faida, na hilo halikufichwa. Clowes alipewa pauni 15 za kununulia nguo na vifaa vya safari. Klabu pinzani ikamshitaki, na siku chache kabla ya meli kuondoka akatangazwa kuwa si mchezaji wa ridhaa. Alisafiri, akafika mwisho wa dunia, na hakuruhusiwa kucheza. Wenzake waliporudi walitakiwa kuapa kwamba hawakulipwa, na baada ya kiapo mambo yakaisha. Mwenye mtaji alitafuta faida katika mchezo akaitwa mwandaaji. Mfanyakazi alipokea bei ya suti akaitwa mchafu. Katika mchezo wa kriketi wakati huohuo, W. G. Grace, daktari na mchezaji wa ridhaa kwa jina, alikuwa akijipatia fedha kupita wachezaji wa kulipwa, na hakuna aliyemwapisha.

Tarehe 20 Septemba, 1893, Yorkshire ilipeleka hoja katika mkutano mkuu London. James Miller aliwasilisha pendekezo kwamba wachezaji waruhusiwe kufidiwa muda wa kazi uliopotea kwa haki, na Mark Newsome wa Dewsbury akaunga mkono. Pendekezo lilishindwa kwa kura 282 dhidi ya 136. Wapinzani walikuwa wamekusanya mapema kura za klabu ambazo hazikufika mkutanoni, na kura hizo zikahesabiwa. Kisha chama kikaandika katika katiba yake kwamba klabu za ridhaa tupu ndizo pekee zitakazokubaliwa, na kwamba mikutano mikuu yote itafanyika London. Makada wasiipite haraka sentensi hii ya pili. Mkutano wa katikati ya wiki ukifanyika London, nani kutoka mji wa viwanda ataweza kuhudhuria? Yuleyule asiyepoteza ujira. Kanuni ya mchezo na kanuni ya kikao zilikuwa kanuni moja: asiyeweza kununua muda wake asicheze, na pia asipige kura juu ya nani acheze.

Mwaka huohuo wa 1893, mwezi Januari, katika mji wa Bradford, kiliundwa Chama Huru cha Wafanyakazi cha Uingereza, Keir Hardie akiwa kiongozi wake mkuu. Bradford haikuchaguliwa kwa bahati. Kati ya Desemba 1890 na Aprili 1891 wafanyakazi wa kiwanda kikubwa cha hariri cha Manningham, katika mji huo, waligoma dhidi ya kupunguzwa ujira, wakashindwa kwa njaa, na kutokana na kushindwa huko wakajifunza kuwa wanahitaji chama chao cha siasa. Katika kitongoji hichohicho cha Manningham palikuwa na klabu ya raga, nayo ikaja kuwa bingwa wa kwanza wa ligi ya waasi. Hatusemi kwamba mgomo ulizaa klabu, wala kwamba wachezaji walikuwa wagomaji. Tunasema mtaa ulikuwa mmoja, filimbi ya kiwanda ilikuwa moja, na swali la thamani ya muda wa mfanyakazi liliulizwa kiwandani na uwanjani kwa wakati mmoja.

Mwaka 1892 klabu kubwa za Yorkshire na Lancashire zilikuwa zimeanzisha ligi. Chama cha London kilizichukia ligi karibu sawa na malipo, kwa sababu ligi huleta pointi, pointi huleta umati, na umati huleta fedha ambazo mchezaji ataanza kuziulizia. Mwishowe, tarehe 29 Agosti, 1895, wajumbe wa klabu za kaskazini walikutana katika hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitoa na kuunda Umoja wa Raga wa Kaskazini. Dewsbury, klabu ya Newsome aliyeunga mkono hoja ile miaka miwili nyuma, ilisita. Stockport ilikubaliwa kwa simu. Msimu ulianza na klabu 22, kila moja ikicheza mechi 42, na fidia ikawekewa kikomo cha shilingi 6 za Kiingereza kwa siku.

Wanafunzi wetu wakifika hapa hupiga makofi. Huwa tunawazuia kidogo. Tuulize kwanza walioketi katika hoteli ile walikuwa nani. Hawakuwa wachimba makaa. Walikuwa wenye viwanda, wafanyabiashara na watu wa biashara ya pombe, viongozi wa klabu ambao kiingilio kilipita mikononi mwao. Klabu hizohizo kubwa zilizolalamikia ubwana wa London hazikutaka klabu ndogo za Yorkshire zipande daraja na kukaa nazo meza moja. Mwaka 1898 Umoja wa Kaskazini uliruhusu malipo waziwazi, lakini ukaweka sharti kwamba mchezaji lazima awe na kazi halali. Kazi ya kuhudumia katika baa haikuhesabiwa. Mtu ambaye hakufanya kazi wiki ile hakuruhusiwa kucheza Jumamosi. Kwa hiyo mfanyakazi aliyeachishwa kazi kiwandani aliachishwa na uwanjani pia, na sharti hilo lilidumu hadi mwaka 1905. Tabaka la wafanyakazi lilitoa miguu, mabega na umati. Uongozi ulibaki kwa mabwanyenye wadogo wa mkoani waliokuwa na ugomvi wao na mabwanyenye wakubwa wa London. Palipatikana ushindi wa kweli, yaani ujira uliopotea ulirudishwa. Lakini ushindi huo haukuwa ukombozi, na kada asiyeweza kutofautisha mambo haya mawili atapotea hata akisoma historia ya vyama vyetu wenyewe.

Upande wa pili, Umoja wa London ulijilipisha faini bila kukusudia. Mwaka 1892 Uingereza ilikuwa imewashinda Wales, Ireland na Scotland bila kufungwa hata pointi moja. Baada ya mgawanyiko haikutwaa tena ubingwa huo mpaka mwaka 1910. Mchezaji yeyote aliyegusa raga ya kaskazini alifungiwa maisha. Ligi za klabu za nchi nzima hazikuruhusiwa katika raga ya ridhaa hadi mwaka 1987. Na mwezi Agosti 1995, miaka mia moja tangu kikao cha Huddersfield, bodi ya kimataifa ya raga ilikutana Paris ikaondoa kanuni ya ridhaa kabisa. Si haki ya mchimba makaa iliyowashawishi. Ni fedha za televisheni, ambazo zilikuwa tayari zinanunua wachezaji mmoja mmoja, na bodi ikachagua kuuza kuliko kuporwa.

Kwetu Tanzania neno hili lina historia nyingine, na tusilinganishe kwa pupa. Tulisema michezo ya ridhaa, lakini katika miaka ya mashirika ya umma wachezaji wengi walikuwa waajiriwa, na siku ya mashindano mshahara wao haukukatwa. Kwa lugha ya Yorkshire, tulilipa fidia ya muda bila kuiita hivyo, na aliyelipa alikuwa umma. Mkulima na kibarua wa kutwa hawakuwamo katika mpango huo. Hapo ndipo swali la yule kada wa kijijini lilipochomoka, na tulimwambia wazi kwamba katika muhtasari wetu halina jibu; tukaliandika ubaoni na likabaki pale wiki nzima.

Kuna tawi moja la historia hii ambalo husahauliwa. Mwaka 1973, katika mji uleule wa Huddersfield, klabu ndogo za raga ya kaskazini, zile za migodini, viwandani na mitaani, ambazo hazikulipa wachezaji na zilijiona zimetupwa na chama chao cha kulipwa, ziliunda chombo chao cha raga ya ridhaa na kuendesha ligi zao zenyewe. Wajukuu wa watu waliokataa ridhaa ya London sasa waliitaka ridhaa kwa hiari yao. Hawakuwa wamegeuka. Katika miaka hiyo 78 vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimepigania saa za kazi, na Jumamosi nzima ya wafanyakazi wengi ilikuwa imetoka mikononi mwa mwajiri. Mchezaji aliyepanda basi asubuhi kwenda ugenini hakuacha zamu yoyote nyuma yake.